Mninga, mtiki au mkongo: sakafu ipi ya mbao itatulia nyumbani kwako?

Fundi aliyetuwekea sakafu ya kwanza hakutaka mjadala. "Mninga, mama. Mninga haujawahi kumwangusha mtu." Tukanunua mninga, mbao za inchi sita, nzuri kwa macho, rangi ya kahawia yenye michirizi kama asali. Miezi minane baadaye nilikuwa nachuchumaa sebuleni na sarafu ya shilingi mia mkononi, naichomeka katikati ya ubao na ubao, nayo inazama.

Mti haukuwa na kosa. Ulikuwa mninga kweli, na fundi alijua kazi yake. Ila mbao zilitoka msituni wiki chache kabla, zikapigwa randa zikiwa bado na maji, zikafungiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Tangu hapo mtu akiniuliza mbao gani inafaa sakafuni, namuuliza kwanza nyumba iko wapi, chini ya sakafu kuna nini, na anayedeki anadeki vipi. Jina la mti namwachia liwe swali la nne.

Lakini najua ulichokuja kusoma ni majina ya miti, kwa hiyo majina tutayafikia. Nivumilie kidogo kwenye maji.

Dar si Dodoma

Ubao hata ukikatwa miaka ishirini iliyopita unaendelea kunywa na kutoa maji ya hewani. Ukinywa unavimba kwa upana, ukitoa unasinyaa. Kwenye hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ubao uliokaa ndani hutulia ukiwa na maji karibu asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Dodoma wakati wa kiangazi hushuka hadi karibu asilimia 10. Chumba cha Dar chenye kiyoyozi kinachowaka usiku kucha kinafanana zaidi na Dodoma kuliko na kibaraza chake chenyewe.

Tofauti hiyo ya asilimia nne inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Mtiki, ambao ni mti mtulivu, ukipasuliwa ubapa husinyaa kama asilimia 0.7 ya upana kwa mabadiliko hayo. Chumba cha upana wa mita 4 kinapoteza sentimita mbili na nusu na zaidi, zikigawanywa kwenye nafasi zote za sakafu. Mbao zikiwa nyembamba, inchi tatu au nne, kila nafasi inakuwa uzi tu. Zikiwa pana, unapata pa kuchomeka sarafu.

Wengi wanaouza mbao watakwambia "hizi kavu kabisa", na huenda wanaamini hivyo. Wewe pima. Kuna kifaa kidogo cha kupima unyevu chenye sindano mbili zinazochomwa kwenye ubao. Kama fundi wako hana, jiko lako linatosha. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, kwa kuwa mwisho hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni nyuzi 100 na kidogo, ukitoe na kukipima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito uache kushuka. Kikianza gramu 230 na kuishia 200, maji yalikuwa gramu 30 juu ya 200, yaani asilimia 15. Kwa nyumba ya Dar isiyo na kiyoyozi, hiyo inakubalika. Kwa Dodoma au Nairobi, subiri.

Kisha, mbao zikishafika, zipange ndani ya chumba chenyewe zikitenganishwa na vijiti, madirisha yakiwa yameshawekwa, wiki mbili au tatu. Mafundi hawapendi hili kwa sababu wanalipwa kwa kazi iliyokwisha. Lipa nauli yao ya kuja mara ya pili, ni nafuu.

Mninga na mtiki

Hawa ndio wawili ambao watu wengi wa Tanzania wataishia kuwachagua, na ndio wanaofanana zaidi. Uzito wao unakaribiana, kilo 600 hadi 650 hivi kwa mita ya ujazo. Wote wawili kiini chao hakiliwi ovyo na mchwa. Wote wawili hutulia vizuri wakishakauka. Ukiambiwa mmoja ni dhahabu na mwingine ni takataka, anayekwambia ana mzigo wa kuuza.

Mninga ni mti wa miombo: Tabora, Katavi, Rukwa na kusini. Hukua polepole, na ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Sifa yake kubwa kwa sakafu ni kwamba husinyaa kidogo sana kuliko miti mingi migumu. Ndiyo maana ule wangu, pamoja na kuwekwa mbichi, ulifunguka nafasi tu, haukupinda wala kupasuka. Mti mwingine ungeinuka kama mtumbwi. Mninga pia unakubali gundi, unakubali vanishi, na randa inapita bila vita. Vumbi lake ndilo baya. Wenye pumu wasiwepo nyumbani siku ya kupiga msasa, na fundi avae barakoa ya maana, si kitambaa.

Mtiki, au msaji kama wanavyouita wengine, ni mgeni aliyeletwa enzi za Wajerumani na sasa ni mti wa mashamba: Longuza kule Muheza, Mtibwa kule Morogoro, na Kilombero. Kwa kuwa unapandwa, unaupata kwa vipimo vinavyolingana, na mbao kumi zinafanana rangi. Ukitaka sakafu ambayo ubao wa mlangoni unafanana na wa dirishani, mninga utakutesa na mtiki utakufurahisha.

Tatizo la mtiki wa shambani ni umri. Mti uliovunwa mapema una kiini chembamba na nyama nyeupe nyingi nje. Ile nyeupe haina kinga ya kiini. Mchwa na wadudu wa kuacha unga wanaila kama mti wowote. Muuzaji akisema "mtiki hauliwi", geuza ubao uangalie kingo. Ukiona ukanda mweupe wa vidole viwili, theluthi ya ubao wako si mtiki unaoufikiria. Mninga nao una nyama nyeupe nje, lakini magogo yake ya porini huwa makubwa zaidi na wapasuaji wamezoea kuitoa.

La pili ni mafuta. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayoufanya uvumilie maji, na mafuta hayohayo yanaikataa gundi na kuchelewesha vanishi kukauka. Fundi anayejua atapangusa uso wa ubao kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi, muda mfupi kabla ya kupaka. Asiyejua atakulaumu kwa kununua vanishi feki. Na ndani ya mtiki kuna chembe kama za mchanga zinazoua makali ya randa, kwa hiyo usishangae karakana ikikutoza zaidi kuuranda.

Uamuzi wangu: ukipata mninga mkavu wenye hati zake, na rangi zikichanganyika hazikusumbui, chukua mninga. Kama una bajeti ya wastani, au hutaki kulala ukiwaza mbao zimetoka hifadhi gani, chukua mtiki wenye kiini kingi na ukubali kulipia kuchagua ubao mmoja mmoja.

Mkongo na mvule

Mkongo ndio uleule ambao watu wa pwani wanauita mbambakofi. Milango ya nakshi ya Lamu na Unguja iliyochongwa kwa mbao hii imepigwa na jua la mchana na chumvi ya bahari vizazi kadhaa, na bado inafunga sawasawa. Hakuna tangazo linaloshinda hilo. Ni mzito, karibu kilo 800 kwa mita ya ujazo, na mgumu. Miguu ya viti na visigino vinavyoacha alama kwenye mninga, hapa vinaacha kidogo sana. Kwa ngazi nisingeweka kitu kingine.

Ugumu huo unalipiwa. Msumari hauingii bila kutoboa kwanza. Halafu kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu nikaliona kwa shangazi: mkongo una unga wa njano ndani ya vinyweleo vyake, na ukilowa hutoa rangi. Shuka nyeupe iliyoachwa mbichi juu ya ubao usiopakwa kitu iliondoka na mistari ya manjano. Ukishapakwa vanishi vizuri hauna shida, lakini usiuache wazi.

Mvule ni mwepesi kuliko mkongo, unachongeka, haupindi sana, mchwa hawaupendi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki wazee waliuheshimu mti huu, wakafanyia matambiko chini yake, na labda ndiyo sababu michache imebaki imesimama. Ubao wake huanza na rangi ya manjano kisha unageuka kahawia iliyokolea, na hugeuka kwa mwanga: inua zulia baada ya mwaka utakuta mstatili mweupe chini yake. Pia mara nyingine ndani yake kuna mawe, mawe kweli, chokaa iliyogandamana kwenye mti, na msumeno ukikutana nayo meno yanakwisha. Kwa sakafu naona mvule ni chaguo zuri lisilo la lazima. Unachopata kwenye mvule utakipata kwenye mninga, na mvule uliobaki heri ubaki.

Mkaratusi unauzwa kwa bei ya kuvutia na ni mgumu, kwa hiyo watu wanauliza. Husinyaa sana, hupinda, hupasuka mwishoni. Kama haukukaushwa kwenye tanuri na mtu anayejua, uache uende kwenye nguzo.

Kwa walio Nairobi: sakafu iliyokwisha kuwekwa

Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zina vibao vifupi vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, pakei. Sehemu kubwa ya vibao hivyo ni muhuhu, mti ambao mpaka leo unauona Karura na Arabuko-Sokoke. Muhuhu haukui ukanyooka. Shina ni fupi na lina mikunjo, ndiyo maana ukatumika kwa vibao na si mbao ndefu. Ni mzito kupita wote niliotaja, zaidi ya kilo 900 kwa mita ya ujazo, na ukiupiga msasa nyumba inanukia kama kuna mtu amefukiza sandali.

Umevunwa mno, kwa hiyo sikushauri utafute mpya. Ila nyumba za zamani zinabomolewa kila siku kupisha maghorofa, na vibao vyake vinauzwa au vinatupwa. Ukivipata, nyuma yake utakuta lami ngumu waliyotumia kugandishia. Kuikwangua ni kazi ya kuchosha, na usiipige msasa kavukavu ukavuta vumbi lake. Vikisafishwa na kupangwa upya vitakutumikia kuliko chochote kilichoko dukani. Na kama umehamia nyumba yenye muhuhu chini ya zulia chakavu, tafadhali usiwaruhusu mafundi wabandike vigae juu yake.

Ubao mzima, vibao, tabaka, au laminati

Hapa ndipo watu wanapochanganya vitu vinne na kuviita "sakafu ya mbao".

Ubao mzima wa dume na jike, yaani ulimi wa ubao mmoja unaingia kwenye mfereji wa jirani yake, unene wa milimita 20 hivi, hupigiliwa juu ya mbao za mbili kwa mbili zilizolazwa kila sentimita 40. Ukichakaa unapigwa msasa na kupakwa upya, na hilo linaweza kurudiwa mara nne au tano kabla hujafika kwenye dume. Udhaifu wake ni uwazi ule wa chini: ni njia ya mchwa, na wakati mwingine panya. Dawa ya mchwa iwe imeshapigwa ardhini kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, na zile mbili kwa mbili ziwe za dawa hata kama juu umeweka mkongo.

Vibao vifupi hugandishwa moja kwa moja kwenye zege. Hakuna uwazi, hakuna mlio unapokanyaga, na kwa kuwa kila kibao ni kidogo, kusinyaa hakuonekani. Vinatumia mabaki ya mbao pia, kwa hiyo ndiyo njia nafuu ya kupata mti wa gharama. Lakini zege liwe sawa kama meza, na liwe kavu. Jamvi la sentimita 10 huchukua kama miezi minne kukauka, na mwenye nyumba kwa kawaida ana haraka ya mwezi mmoja. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa selotepu, rudi kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege limegeuka jeusi, bado.

Mbao za tabaka zina mti halisi juu, milimita tatu au nne, na plaiwudi chini. Zinatulia kuliko ubao mzima kwenye chumba cha kiyoyozi, na unaweza kuzipiga msasa mara moja au mbili. Nyingi zinazoingia nchini uso wake ni mwaloni kutoka ng'ambo. Mwaloni ni mzuri, sina ugomvi nao, ila mchwa wetu hawajui kwamba ni wa gharama, na plaiwudi ya chini ni chakula chepesi zaidi. Ghorofani sawa. Nyumba ya chini isiyopigwa dawa, hapana.

Laminati ni picha ya mbao iliyobandikwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Nasema hivyo bila dharau. Kwa chumba cha kupanga, au kwa mtu anayehama baada ya miaka mitano, ni jibu la busara. Inawekwa siku moja bila gundi, na ukihama unaweza kuing'oa. Angalia daraja la kustahimili kuchakaa: boksi likiandikwa AC3 linafaa vyumba vya kawaida, AC4 linavumilia zaidi. Adui yake ni ndoo. Sisi tunadeki kwa maji, tena mengi, tunamwaga na kusukuma, na kingo za laminati ya kawaida zikishakunywa zinavimba na hazirudi. Huwezi kuipiga msasa. Unang'oa.

Hata ubao mzima haupendi ndoo. Kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoke kinatosha. Kama anayedeki kwako ni mtu ambaye bila maji kutiririka haamini kwamba pamesafika, kubali hilo mapema, weka vigae jikoni, korido na sebuleni, na mbao ziende vyumba vya kulala. Ni rahisi kubadili sakafu kuliko kumbadili mama mkwe.

Vanishi au mafuta

Vanishi ya poliyurethani, mikono mitatu, hufunika ubao kwa ngozi ngumu. Inakaa miaka, lakini ikikwaruzwa hadi ndani hakuna kuziba kipande kimoja. Ni msasa chumba kizima. Mafuta ya kitani huingia ndani ya ubao na kuuacha na mguso wa mti. Yanahitaji kurudiwa kila mwaka hivi, ila doa unalitengeneza peke yako Jumamosi asubuhi. Nyumba yenye watoto wengi, mimi nimekuja kuona mafuta ni nafuu kuliko yanavyoonekana. Tahadhari moja tu, nayo si ya kupuuza: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji.

Hesabu na hati

Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba. Ubao wa inchi moja kwa nne wa futi 12, ukisharandwa na kukatwa dume na jike, unabaki na upana wa kama milimita 85, kwa hiyo unafunika mita za mraba 0.31. Zinahitajika mbao 64 au 65, ongeza asilimia 15 ya mabaki na zilizopinda, nunua 74. Fundi akikwambia 55 hajahesabu randa. Kila upande wa ukuta acha nafasi ya sentimita moja, itafichwa na skatingi. Bila nafasi hiyo, masika yakija sakafu itainuka katikati.

Kwa mninga na mkongo omba kuona hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu, na angalia alama ya nyundo, muhuri unaogongwa na watu wa misitu, kwenye mbao. Vipo vijiji vinavyovuna kihalali kutoka misitu yao wenyewe. Kikole na Kisangi huko Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, kwa hiyo mbao safi si ndoto. Ndugu walioko Uingereza au Marekani wanaotaka kusafirishiwa sakafu ya nyumbani wajue kwamba tangu mkutano wa Panama, Novemba 2022, wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mninga na mkongo wa Afrika vimo kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya vinavyouzwa nje kwa kibali tu. Hata ubao uliokwisha kuchongwa dume na jike unahitaji kibali. Mtiki haumo.

Kwetu sasa vyumba vya kulala vina mtiki wa Muheza, inchi tatu, wa mafuta. Ngazi ni mkongo. Korido ni vigae, kwa sababu niliyokwisha kuieleza na mhusika anasoma simu yangu. Ile sakafu ya kwanza ya mninga bado ipo sebuleni. Ilishatulia, haijasogea tena, na nafasi zake sikuziziba. Kila mwezi tunazichokonoa kwa kisu cha mkate, tunatoa penseli, shanga, na wakati mwingine shilingi mia.